Programu mpya ya informatiki: mwanafunzi anahitaji saa za mashini, si minervali peke yake

(Haya ni maneno ambayo memba wetu, mwalimu wa informatiki katika chuo kimoja hapa Kalemie, aliyasema mbele ya wazazi na wanafunzi wa shirika. Tumeyaandika vile aliyasema. Tumepunguza tu pale alipojibu maulizo ya mtu mmoja mmoja.)

Ndugu prezida wa komite, wazee wetu, mama zetu, na ninyi wanafunzi muliokaa kule nyuma karibu na mlango ili mupate njia ya kutoroka: jambo kwenu wote.

Komite iliniomba niseme juu ya mageuzi ya programu ya informatiki. Nilikubali haraka, kisha nikajuta, juu nilijua ulizo la kwanza litakuwa lile la mama mmoja aliyenisimamisha sokoni juma lililopita. Aliniambia: "Mwalimu, mutoto wangu wa kwanza alisoma miaka tano, akapata lisansi. Huyu wa pili munasema atapata lisansi kwa miaka tatu. Sasa munatuuzisha masomo nusu kwa bei nzima?" Mama yule yuko hapa, namuona anacheka. Ulizo lake ni la haki, basi nianze nalo.

Katika mpango wa zamani mtu alifanya miaka mitatu ya gradua, kisha miaka miwili ya lisansi. Jumla mitano. Kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, wizara ya masomo ya juu iliingiza nchi nzima mpango unaoitwa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miaka miwili, kisha doktora kwa yule anayeendelea. Ile miaka mitano haikuliwa na mtu. Jina la lisansi limeshuka, likakaa pale gradua ilikuwa inakaa. Kwa hiyo, mama, usilinganishe lisansi ya mkubwa na lisansi ya mdogo juu tu jina ni moja. Huyu mdogo akitaka kusoma miaka mingi sawa na kaka yake, lazima afike masta. Nasema hivi wazi juu kuna watu wanazunguka wakiwaambia wazazi kwamba masomo yamefupishwa, leta haraka feza, mtoto atamaliza mbio. Hayakufupishwa.

Kile kilichogeuka kweli ni namna ya kuhesabu kazi, na hapo ndipo naomba munisikilize sana, juu ndipo shirika letu linaingia.

Zamani tulihesabu saa za mwalimu. Kozi ya saa 60, maana yake mwalimu anasimama mbele saa 60, anasoma silabusi, wanafunzi wanaandika. Sasa tunahesabu saa za mwanafunzi mwenyewe. Kipimo kinaitwa kredi. Kredi 1 ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mmoja una kredi 60, lisansi nzima 180, masta 120. Katika zile saa 25, kwetu tumegawanya hivi: saa 15 anakuwa pamoja na mwalimu, darasani au kwenye chumba cha mashini, na saa 10 anafanya kazi peke yake.

Chukua kozi ya kuandika programu, yenye kredi 5. Ni saa 125. Saa 75 yuko nasi. Saa 50 zilizobaki yuko peke yake. Sasa niulize wazazi: peke yake na nini? Mtoto wa udaktari anaweza kurudi nyumbani na kitabu, akasoma na tochi. Mtoto wa sheria vilevile. Huyu wa informatiki, kitabu chake ni mashini. Asipokuwa nayo, zile saa 50 ziko kwenye karatasi tu. Atakaa nyumbani, atasaidia kazi, atazungumuza na wenzake, na siku ya mtihani tutamhesabia kana kwamba alizifanya. Programu imegeuka, lakini msaada wetu kwa wanafunzi umebaki wa zamani: tunalipa minervali, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani.

(Hapa wengine walianza kusema kwa pamoja. Prezida aliomba utulivu.)

Ngojeni, nitafika kwenye sanduku la shirika. Kwanza niseme juu yangu, ili musizani nasema kama mtu aliyesomea mahali pazuri.

Mimi nilikulia Lugufu, wengi wenu munajua. Kompyuta ya kwanza niliiona kupitia dirisha la ofisi moja kambini. Nilizani ni televizyo. Nilipovuka ziwa kurudi, nikajiandikisha informatiki, nilikuta wenzangu wanasema "ordinatere", mimi nasema "kompyuta", wananicheka. Lakini kucheka kulikuwa kwa bure, juu mashini zenyewe zilikuwa chache sana na wote tulikuwa sawasawa mbele ya mlango uliofungwa. Klavye tuliichora kwenye karatasi. Nilijifunza kuandika kwa vidole kumi juu ya meza ya mbao, na mwalimu anapita anaangalia kama vidole viko mahali pake. Programu tuliziandika kwenye kaye. Mwalimu anasahihisha kwa kalamu nyekundu, anaandika "itatembea" au "haitatembea". Nilimaliza gradua nikiwa nimeandika programu nyingi ambazo hakuna mashini hata moja iliyowahi kuzijaribu.

Kisha nikawa mwalimu. Na hapa ninaungama mbele yenu. Kwa miaka mingi nilifundisha Visual Basic 6 kwa kaye ile ile niliyonakili nikiwa mwanafunzi. Visual Basic 6 ilitoka mwaka 1998. Kampuni iliyoitengeneza, Microsoft, iliacha kuishugulikia mwaka 2008. Mimi niliendelea. Silabusi yangu ilikuwa inapigwa fotokopi kila mwaka, wanafunzi wananunua, hakuna aliyeuliza. Siku moja mwanafunzi wangu wa zamani alinipigia simu kutoka Lubumbashi. Alikuwa amepata nafasi ya kujaribiwa kazi. Walimpa mashini, wakamwambia achukue kazi iliyo kwenye Git, arekebishe kosa moja, arudishe. Git ni chombo ambacho wanaoandika programu kwa pamoja wanakitumia kuweka kila badiliko, nani aligeuza nini na lini. Kiko tangu 2005. Mwanafunzi wangu hakuwahi kusikia hata jina. Hakunitukana kwenye simu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, hii kitu tuliisoma mwaka gani? Labda nilikosa siku ile."

Hakukosa siku yoyote. Ndiyo sababu nilipoitwa kwenye kazi ya kupanga masomo upya, sikukataa.

Basi, tumegeuza nini? Sitasoma orodha yote, mutasinzia. Pascal imetoka, ile lugha ya 1970, na Visual Basic imetoka. Mwaka wa kwanza wanaanza na Python. Hii nayo si ya jana, ilitoka 1991, lakini inatumiwa dunia nzima, hailipishwi, na inakaa vizuri hata kwenye mashini iliyochoka. Kisha wanasoma kutengeneza kurasa na programu za intaneti, wanasoma rezo, wanasoma programu za simu. Hesabu imeongezwa, na hapo ndipo wanafunzi wanalia. Wanakuja wakifikiri informatiki ni kujua kubonyeza Word na Excel. Hapana. Anayetaka Word na Excel anaweza kwenda kwenye mafunzo ya miezi michache, hana lazima ya kutumia miaka mitatu na feza za wazazi.

Njia ya Merise hatukuitupa yote. Wale waliosoma informatiki ya usimamizi wanaijua: ni njia ya Wafaransa ya kupanga habari za kampuni kabla ya kujenga programu. Wenzangu wengine walitaka iondoke kabisa. Mimi nilisema ibaki kidogo, juu inafundisha mtu kuuliza maulizo kwanza: nani anauza, nani ananunua, risiti moja inaweza kuwa na vitu vingapi. Tumeipunguza, tumeweka pembeni yake UML, ambayo watu wa nchi nyingi wanaielewa.

Na kuna vitu havikuguswa hata kidogo. Kozi ya mabanki ya habari imebaki, tena imekuwa nzito zaidi. Fikra yake ilitolewa na Edgar Codd mwaka 1970, na lugha ya SQL ikaanza kutengenezwa mwaka 1974. Ni zee kuliko mimi. Mzazi atasema: umetoa Pascal ya 1970, ukaacha hii ya 1970, akili gani? Akili ni hii. Mama anatuma feza kwa simu, kutoka hapa kwenda kwa mtoto wake Lubumbashi. Kwa mashini, kazi ile ni mbili: kutoa kwenye hesabu ya mama, kuongeza kwenye hesabu ya mtoto. Sasa umeme ukatike katikati, hapa Kalemie hakuna haja ya kueleza mtu umeme kukatika ni nini. Ya kwanza imefanyika, ya pili bado. Feza iko wapi? Banki ya habari iliyojengwa vizuri inafunga zile kazi mbili pamoja: ama zote mbili zinafanyika, ama hakuna hata moja, na mashini ikiwaka tena feza inakuwa bado kwa mama. Hiyo haizeeki. Lugha ya kuandikia inazeeka, fikra ya kutopoteza feza ya mama haizeeki. Tulipopanga upya tulijiuliza hivyo kwa kila kozi: hii ni fikra ao ni chombo tu? Chombo kinaweza kugeuka kila mara. Fikra tunaishikilia.

Na wala si sisi peke yetu tunaopanga upya. Mashirika makubwa ya watu wa informatiki huko Marekani yanatoa mwongozo wa masomo tangu 1968, na kila miaka kazaa wanaugeuza. Ule wa karibuni unaitwa CS2023, una sehemu 17. Tuliuangalia. Hatukuunakili, juu wao hawapangi masomo wakifikiria jenereta na mafuta yake. Lakini jambo moja tulilichukua: usalama wa habari haukai kama kozi ndogo ya mwisho, unaanza mapema. Tena nchi yetu sasa iko na sheria, Kanuni ya Numeriki ya tarehe 13 Machi 2023, inayosema pia juu ya kulinda habari za watu. Sisi tuliokuwa na majina yetu kwenye orodha za kambi, alama za vidole, picha, idadi ya watoto, tunajua vizuri habari ya mtu ni kitu gani ikiangukia mkono usio wake. Nikifundisha sehemu hiyo sihitaji mfano wa kutoka mbali.

Kuhusu akili ya kubuniwa, najua vijana wanangojea. Tangu ChatGPT ilipotoka mwisho wa 2022, kazi za nyumbani zimekuwa nzuri ajabu. Mtu ambaye jana alikuwa hawezi kuandika mistari kumi, leo ananiletea programu safi, na maelezo kwa Kifaransa cha mwanasheria. Hatukukataza, juu kukataza ni kujidanganya. Tumegeuza namna ya kupima. Unaleta kazi yako, unakuja mbele, nageuza kitu kimoja kwenye ulizo, nakuambia: sasa irekebishe hapa, kwa chaki, ukinieleza. Mwenye aliielewa anarekebisha. Mwenye aliletewa na mashini anatazama ukuta. Kwa hiyo wanafunzi, itumieni, lakini mujue ubao unawangojea.

Niseme neno moja juu ya Kiingereza, halafu niende kwenye makaratasi. Watoto wetu waliosoma ng'ambo, Zambia sanasana, walirudi na Kiingereza kizuri na Kifaransa kibaya. Munakumbuka vile walivyoteseka shuleni, wengine walirudishwa madarasa mawili nyuma. Katika informatiki mambo yanageuka. Amri za programu ni za Kiingereza, na mashini ikikosea inasema kosa lake kwa Kiingereza. Mwaka huu mmoja wa waliorudi ndiye wenzake wanamzunguka wakipata kosa wasiloelewa. Bado anaandika Kifaransa vibaya, na kazi ya mwisho ni lazima aiandike kwa Kifaransa, hatutamhurumia. Lakini kile walichomchekea ndicho leo wanakuja kumuomba.

Makaratasi. Hapa nina huzuni kidogo. Kuna binti mmoja wa shirika letu, alifaulu mwaka wa pili wa gradua katika mpango wa zamani, akaacha. Alipata mtoto, na mwaka ule sanduku letu lilisema msaada ni kwa wanaoendelea tu. Mimi nilikuwa kwenye komite ile. Niliinua mkono pamoja na wengine. Miaka ikapita, akarudi kuuliza, akakuta gradua haiko tena. Aliambiwa na watu wa njiani kwamba lazima aanze sifuri, akalia, akarudi sokoni kuuza mikate.

Si kweli kwamba lazima aanze sifuri. Si kweli pia kwamba ataingia tu mwaka wa tatu kwa sababu alifaulu miwili. Chuo kinachukua rileve zake, kinaangalia kozi moja moja, kinapima nini inaweza kuhesabiwa kama kredi na nini bado. Yeye Visual Basic yangu haitamsaidia sana, na hilo ni deni langu. Lakini hesabu yake, banki za habari, kontabilite, hizo ni kazi aliyoifanya. Na katika mpango huu mpya, kredi uliyoipata ni yako, haifutwi juu ulikosa kozi nyingine ao juu ulisimama mwaka. Kwa watu kama sisi, tuliohama na pengine watoto wetu watahama tena kwenda kutafuta maisha, hilo si jambo dogo. Ila chuo kingine ndicho kinaamua kama kinaipokea, kwa hiyo usiende mikono mitupu.

Na mikono yetu mara nyingi ni mitupu. Ama imejaa makaratasi yanayogombana. Cheti cha kambi kina majina mawili, diploma ya hapa ina jina, posti-nomu na prenomu. Baba aliandikisha "Ramazani", mwalimu wa kambi akaandika "Ramadhani". Tarehe ya kuzaliwa moja ni 1 Januari kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mtu wa sekretaria akiona hivyo anasema hawa ni watu wawili. Msingojee siku ya kujiandikisha ndipo mugundue. Tena usimwachie mtu karatasi ya asili, hata kama amevaa koti zuri. Mwachie kopi.

Sasa sanduku. Najua kuna wazee wanasema tuache kusaidia informatiki, tuweke feza zote kwa uuguzi, juu muuguzi anapata kazi na wa informatiki anakaa mtaani na simu. Siwezi kuwaapia kwamba kila anayemaliza kwetu atapata kazi. Wengine watakaa. Lakini nimeangalia wale waliokaa na wale waliopata, na tofauti ninayoiona ni saa za mashini. Waliozipata, kwa mjomba, kwa parokia, kwa duka la fotokopi walikokuwa wanafagia ili waruhusiwe kukaa usiku, wamejua kazi. Ambao walilipiwa minervali na sisi, wakarudi nyumbani na kaye, wengi ndio hao munawaona mtaani. Tulilipa mlango, hatukulipa chakula ndani.

Ombi langu ni dogo. Sehemu ya feza ya sanduku mwaka huu isiende kwa minervali. Inunue mashini mbili zilizotumika, pano moja ya jua na batri, tuviweke katika chumba hiki hiki tunachokaa leo, ambacho siku nyingi hakina mtu. Programu zote tunazohitaji hazilipishwi. Linux inakubali mashini ambayo Windows ya sasa inaikataa. Vitabu nitavileta kwenye klee, hatutahitaji intaneti kila siku. Tuandike saa ukutani, kila mwanafunzi na zake. Na saa za mchana ziwe za mabinti kwanza, juu hakuna mzazi atakubali binti arudi kutoka hapa saa tatu ya usiku, na mimi pia singekubali.

Muzee mmoja aliniuliza pale mlangoni: zikiibiwa? Zinaweza kuibiwa. Ndiyo maana nasema mbili, si kumi.

Komite itajibu mwezi ujao, nami nitapokea vile itasema. Lakini makaratasi hayangojei komite. Siku ya posho nitakuwa hapa tangu saa mbili ya asubuhi. Aliyeacha masomo katika mpango wa zamani alete rileve zake zote, hata iliyolowa maji. Anayejua nyumba ya yule binti wa mikate amwambie, mimi nilienda mara mbili sikumkuta. Na mwenye mashini imekufa nyumbani ailete pia. Hata kama haiwaki, tutaifungua tuone.